Kima, Sauti, Watu

Kuna orodha ya maneno ya Kiswahili inayozunguka bure mtandaoni, maneno sabini na kitu, ambayo watengenezaji wa tovuti huipakua na kuitumia bila kuisoma. Kazi yake ni kuiambia kompyuta maneno gani isihangaike nayo. Humo mna "na", "ya", "wa", "kwa" na "katika", kama ambavyo mtu angetarajia. Mna "alisema" na "akasema". Halafu, ukishuka kwa kufuata alfabeti, unakutana na "kima". Chini zaidi kuna "nonkungu", neno ambalo sijalipata katika kamusi yoyote niliyo nayo. Kabla ya kumaliza unapita "sauti" na "watu".

Nadhani najua kilichotokea. Mtu fulani, mahali fulani, alichukua maandishi machache ya Kiswahili, akaiagiza mashine ihesabu maneno yanayojirudia sana, akakata kipande cha juu na kukiita orodha ya maneno yasiyo na maana. Kwa kuwa na kima, nahisi maandishi yale yalikuwa hadithi za wanyama. Kima alitajwa mara nyingi kuliko ilivyomfaa, akafukuzwa katika lugha nzima. Leo ukiweka mtandaoni makala kuhusu kima cha chini cha mshahara, programu yenye orodha hii itabakiza mshahara na kumtupa kima.

Niliisoma orodha hiyo neno kwa neno kwa sababu nilikuwa nimekwama. Nipo mwaka wa pili wa shahada ya umahiri, na mradi wangu ni tovuti ndogo ya mahojiano 41 ya wazee wa Mishamo, yaliyorekodiwa na kuandikwa kama walivyosema. Nimezaliwa Mishamo. Mmoja wa wazee hao ni bibi yangu mzaa mama. Kila ukurasa ulihitaji maneno matano au sita ya msingi, yale ambayo msomaji akiyatafuta atafika pale. Kuyachagua kwa mkono kungenichukua muhula mzima, nikaikabidhi kazi hiyo kwa programu.

Kwa ukurasa wa Bibi ikaniletea: "tukaenda", "akaniambia", "tukafika", "kijiji", "shamba".

Mahojiano yale ni ya saa mbili. Bibi anasimulia jinsi alivyovuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa na mimba, akaishi Ulyankulu, kisha akahamishiwa Mishamo. Kukimbia ndiyo habari yenyewe. Lakini kompyuta haikuona neno "kukimbia". Iliona "tulikimbia" mara mbili, "walikimbia" mara mbili, "nikakimbia" mara moja, "waliokimbia" mara moja, "tumekimbia" mara moja. Kwake hayo ni maneno matano yasiyojuana, na hakuna lililofikisha hesabu ya kuingia.

*

Njia hii ya kuokota maneno kwa mashine ina mwanzo unaojulikana. Hans Peter Luhn alizaliwa Ujerumani mwaka 1896, akafanya biashara ya nguo, akahamia Marekani na baadaye kuajiriwa na IBM. Kabla ya kompyuta alibuni kipimo cha kuhesabia nyuzi za kitambaa, kifaa kilichoitwa Lunometer. Mwaka 1958 alichapisha makala iliyopendekeza kwamba mashine inaweza kutoa muhtasari wa maandishi bila kuyaelewa, kwa kuhesabu tu. Maneno yanayojirudia mno hayatuambii kitu, yatolewe. Yanayojitokeza mara moja moja nayo yaachwe. Ya katikati ndiyo yenye uzito. Ni mawazo ya mtu aliyezoea nyuzi, na siyasemi kwa kejeli, maana mpaka leo programu nyingi zinasimama juu ya msingi huo huo.

Ila nyuzi za Kiingereza zimekatwa fupi. Neno lao la kukimbia hubadilika kidogo tu, basi ukilihesabu utalipata. Sisi tunabandika mtenda, wakati na mtendwa juu ya mzizi mmoja, na kitenzi kimoja kinaweza kutokea katika sura mia. Watunga kamusi waliligundua hili zamani. Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882, miezi michache baada ya yeye kufa, na wale waliomfuata hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981, walilazimika kuamua neno liingie kwa mlango upi. Kitenzi kikaingia kwa mzizi wake. Mwanafunzi wa shule ya msingi anajua kwamba hatafuti "walikimbia" kwenye W. Programu yangu ilikuwa haijafika hata darasa la nne.

Kuna waliojaribu kuifundisha mashine. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen alianza kujenga programu ya kuchambua Kiswahili, ambayo ilikua na kuitwa SALAMA. Inajua kwamba "walikimbia" ni wa-li-kimbia, na kwamba "wa" ya hapo si "wa" ya "Mkoa wa Katavi". Kutokana na kazi hiyo ukatokea mkusanyo wa Helsinki wa maandishi ya Kiswahili, ambao sasa una maneno takriban milioni 25. Mwaka uleule wa 1985, shirika la TCRS lililokuwa likiendesha Mishamo liliikabidhi kwa serikali. Na mwaka huohuo mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifika Mishamo na daftari zake. Nitarudi kwake.

Mimi nilikuwa na wiki tatu na laptopu inayozima yenyewe. Niliandika kikatio cha ovyo: kama neno linaanza na wa-, m-, mu-, tu-, ni-, i-, ka-, ki-, litupwe kiambishi, kama linafuata -li-, -na-, -me-, -ka-, litupwe pia. Usiku wa kwanza kikanitengenezea vichekesho. Mpanda, mji uliokuwa makao ya wilaya yetu, ukawa "panda". Katumba, makazi ya wenzetu, ikawa "tumba", kana kwamba tunazungumzia ua ambalo halijachanua. Na neno "Ikiza", jina la Kirundi ambalo wazee hulitumia kwa mauaji ya 1972, likavuliwa ile i- ya mbele na kubaki "kiza". Hilo sikulicheka. Nililitazama kwa muda, kisha nikaliingiza kwenye orodha ya pili.

*

Orodha ya pili ni ya maneno ya kubakizwa: haya, yatokee mara moja au mara mia, usiyaguse. Wanaosimamia tovuti huwa na orodha hizi mbili, ya kutupa na ya kubakiza, na kazi yote ni kuhamisha maneno kutoka huku kwenda huku.

Ya kubakiza ilijaa haraka kwa sababu ambayo sikuitarajia. Mojawapo ya njia zinazopendwa leo, iliyochapishwa mwaka 2010 na watafiti wa Marekani, inatumia maneno ya kutupa kama visu: kila inapokutana na neno la namna hiyo inakata, na kinachobaki kati ya kisu na kisu ndicho kirai cha msingi. Kwa Kiingereza inakwenda vizuri kwa sababu wao hupanga majina mawili sambamba bila kitu katikati. Kiswahili hufunga majina kwa "ya", "wa", "cha", "za". Ukizifanya hizo kuwa visu, "cheti cha uraia" kinakatika vipande viwili, cheti peke yake na uraia peke yake. Kwa msomaji wa Mishamo hivyo si vitu vinavyotenganishwa.

Kwa asiyeijua habari hii: Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978 kuwapokea wakimbizi wa Burundi, wengi wao wakiwa wamehamishwa kutoka Ulyankulu iliyokuwa imejaa. Pamoja na Katumba, hayo ndiyo makazi matatu ya zamani. Mwaka 2007 serikali ya Tanzania iliwapa watu wa 1972 nafasi ya kuchagua, kurudi Burundi au kuomba uraia. Walioomba wakawa wengi, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba watu zaidi ya 162,000 wamekubaliwa. Kukubaliwa na kushika karatasi vikawa mambo mawili. Mpango ulikuwa kwamba watu waondoke kwenye makazi na kusambazwa mikoani kwanza, wakasubiri, mpango ukabadilika, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Nakumbuka Bibi aliweka cheti chake ndani ya mfuko wa sukari, mfuko ndani ya Biblia, Biblia ndani ya sanduku.

Basi nikaandika "cheti cha uraia" kama neno moja. Nikaandika "raia wapya". Majina ya mahali yakanipa kazi kuliko yote. Karatasi za zamani zinasema Mishamo, Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Tangu mwaka 2012 mkoa ni Katavi, na wilaya siku hizi inaitwa Tanganyika. Katika mahojiano yangu neno "Tanganyika" linaweza kuwa ziwa alilovuka mtu kwa mtumbwi, nchi kabla ya muungano, wilaya ya sasa, au herufi ya kwanza ya TCRS. Nilikaa siku mbili nikizitenganisha kwa mkono, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama niliifanya kazi hiyo vizuri.

*

Kikatio kiliporekebishwa, "kimbia" ilipanda juu katika ukurasa wa Bibi. Nikashangilia, nikafungua ukurasa wa pili: kimbia. Wa tatu: kimbia. Zote 41.

Hapo ndipo anapoingia Karen Spärck Jones. Alisomea historia Cambridge kabla ya kuangukia kwenye kompyuta, jambo linalonipa moyo. Makala yake mashuhuri inasema kwamba haitoshi kujua neno limejirudia mara ngapi ndani ya ukurasa mmoja, unapaswa kujua liko katika kurasa ngapi. Neno lililo kila mahali halitofautishi chochote, hivyo lipunguziwe uzito. Neno lililo mahali pamoja tu lina thamani kubwa. Injini za kutafuta zimelitumia wazo hilo kwa miongo mingi. Makala ilitoka mwaka 1972.

Mwaka huo una maana nyingine kwetu. Mwishoni mwa Aprili 1972 waasi walishambulia kusini mwa Burundi, na serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa mauaji yaliyoendelea kwa miezi, yakiwalenga Wahutu na hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani. Makadirio ya waliokufa huanzia 100,000 na kupanda. Siwaunganishi profesa wa Cambridge na mto Malagarasi. Nasema tu kwamba tarehe hizo mbili nilizisoma usiku mmoja, kwenye madirisha mawili ya kioo kimoja.

Niliiwasha kanuni yake. Katika programu niliyotumia, neno lililo katika kurasa zote hupewa uzito wa sifuri. Si kidogo, ni sifuri kamili, kwa sababu hesabu yenyewe ndivyo inavyotoka: kurasa 41 kugawanya kwa 41, kisha logi ya moja. Kimbia ikatoweka. "Mkimbizi" ilikuwa katika kurasa 38, nayo ikadidimia hadi chini kabisa, ikakaa jirani na "pia" na "sana".

Mwanzoni niliona ni kosa la kurekebisha. Kisha nikakumbuka kitabu cha Malkki, kilichochapwa na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1995. Alikaa na watu wa Mishamo mwaka 1985 na 1986, halafu akakaa na Warundi waliokuwa wakiishi Kigoma mjini, watu waliokimbia vita ileile. Aliona kwamba Mishamo ukimbizi ulikuwa jina la taifa: watu waliushika, wakausimulia, wakawafundisha watoto kwamba ndio unaowaweka pamoja mpaka siku ya kurudi. Kigoma mjini watu haohao wa asili moja walilikwepa jina hilo. Walioa, walibadilisha lafudhi, walijiita kwa njia nyingi kufuatana na aliyeuliza. Kwa lugha ya mafaili yangu, neno moja lilikuwa kwenye orodha ya kubakiza kambini na kwenye orodha ya kutupa mjini.

Mimi nimeishi na orodha zote mbili. Nyumbani neno hilo lilikuwa katika kila hadithi ya jioni. Sekondari, mkoa mwingine, nililitupa mwenyewe: nilipoulizwa kwetu ni wapi nilisema Mpanda, na nikanyamaza hapo. Sasa ninajenga tovuti ambayo kijana wa Mishamo aliyezaliwa raia atatafuta jina la kijiji chake, na ni mimi ninayeamua neno la kwanza atakaloliona. Nililiweka "mkimbizi" kwenye orodha ya kubakiza Jumatatu. Jumatano nikalitoa. Mwisho sikuliweka kokote, nikaiacha hesabu iamue. Najua huko ni kukwepa.

*

Kanuni ileile inayolishusha neno la wote hulipandisha la mmoja. Ukurasa wa Bibi sasa ulikuwa na neno jipya juu kabisa, lenye alama mara tatu ya linalofuata. Lilikuwa jina la mtu. Bibi alilitaja mara tisa katika saa mbili, na katika kurasa nyingine 40 hakuna aliyelitaja.

Ni jina la kaka yake. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari mwaka 1972. Hakuvuka.

Nilikuwa nimeyasikia mahojiano yale mara tano, nimeyaandika kwa mkono wangu, na singesema kwamba yanahusu kaka yake. Ningesema yanahusu safari. Kile kikatio changu cha ovyo pamoja na hesabu ya mwaka 1972 vilisikia nisichosikia, kwa kutojua chochote.

Na kulikuwa na sheria. Tulikubaliana na wazee wote kabla ya kurekodi kwamba majina ya watu hayatawekwa kwenye tovuti. Hata Malkki hakuwataja wasimulizi wake kwa majina. Faili la majina ya kuzuiwa lipo, na katika programu linaitwa kwa lugha ya watu wa kompyuta, orodha nyeusi. Nilifungua faili, nikaandika jina, sikubonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Likizo nilipanda basi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwana wanje. Umekonda."

Nilimwonyesha kwenye simu. Bibi anasoma Kiswahili vizuri, ingawa hupenda kusomewa. Nilimweleza kwamba kuna maneno mashine inayoshika na mengine inayoyatupa. Akataka kuanza na yaliyotupwa. Alipita "na", "ya", "wa" bila neno. Kwenye "kima" akasimama.

"Huyu kafanya nini?"

Nikamwambia mashine imeagizwa imruke.

"Aliyeagiza hakulima hapa. Mwaka wa kwanza huku ni pori, unapanda mahindi, kima wanavuna. Tulilala shambani tukipiga madebe. Umesahau nilikwambia?"

Alikuwa ameniambia. Ipo dakika ya tisini na kitu, na mashine iliruka kila mara. Nikamtoa kima kwenye orodha pale pale, kwa kidole, tumekaa kwenye mkeka. Akaangalia "sauti" na "watu", akaguna, akasema hizo nazo nizitoe. Nikazitoa.

Kisha nikamwuliza kuhusu jina. Nilimweleza kwamba limetokea lenyewe, juu ya yote, na kwamba kuna orodha ya majina ya kuzuiwa, na kwamba kwa kanuni linatakiwa kuingia humo.

"Orodha ya majina," alisema. "Ya nani?"

"Yangu, Bibi. Ni faili tu."

"Walikuja shuleni na orodha. Mwalimu mkuu ndiye aliyesoma. Mtu akisikia jina lake anatoka nje, wanajua ni mambo ya mtihani." Akavuta kanga magotini. "Hata huku, mgao, orodha. Uraia, orodha. Lile la uraia nililisikiliza kwa moyo unadunda mpaka nikasikia langu. Wewe unataka kumwandika humo ili asomwe au asisomwe?"

"Asisomwe."

Alikaa muda mrefu. Kuku waliingia, akawafukuza, akarudi.

"Basi usimwandike kwenye orodha yoyote. Lifute jina mle nilimosema, uweke musaza."

"Musaza wanje" ni kaka yangu, kwa Kirundi, akisema mwanamke. Niliporudi Dar nililibadilisha jina mara tisa katika maandishi, faili la majina nikalifunga bila kuhifadhi. Nikaendesha programu upya. Kikatio kiliona mu-, kikaikata, na kuniletea "saza", kitenzi cha Kiswahili cha kubakiza chakula kisiishe. Nikaliingiza "musaza" kwenye orodha ya kubakiza, mstari wa mwisho, chini ya "Ikiza".

Ukurasa wa Bibi kwa sasa una maneno sita: musaza, cheti cha uraia, Ulyankulu, madebe, mahindi, kima.